Maua ya Nyuma ya Maghala

"Kipofu anatalii nini?"

Swali lile lilitoka kwa binti wa marehemu, aliyekaa mbele ya meza ya mkuu wa kituo, mkoba umesimama mapajani kama mtoto aliyevishwa vizuri. Hakupaza sauti. Aliliweka mezani tu, kama mtu anavyoweka kisu, akamwachia mkuu alitazame.

Mkuu akalitazama, akalipenda. Lilikuwa swali fupi, na wakubwa hupenda vitu vifupi, hasa vinavyomaliza kazi kabla ya chakula cha mchana.

Aliyesimama mlangoni, mgongo kwenye fremu, alikuwa mpelelezi ambaye kituo kizima kilimwita Polepole. Jina hilo alipewa na wadogo zake kazini, waliompita vyeo wote mmoja mmoja huku yeye akiendelea kuuliza maswali. Hakulikataa. Alisema lina faida moja, kwamba mtu akikuita Polepole hawezi kukuharakisha bila kujichekesha.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Juzi asubuhi mzee mmoja, mwashi wa zamani ambaye chokaa na miaka vilimla macho yote mawili, alipanda basi la kutembeza wageni mjini, lile refu la ghorofa lisilo na paa. Alikaa ghorofani, kiti cha mbele upande wa kulia. Basi lilipofika nyuma ya maghala ya ngozi, mzee akasimama wima. Mbele yake kulikuwa na daraja la chuma la waenda kwa miguu, lililo chini kiasi kwamba aliyekaa hupita salama, na aliyesimama hapiti. Alikufa kabla hawajamteremsha ngazi.

Kando yake alikaa mkwewe, mke wa mwanawe wa kiume. Abiria wa nyuma waliona mikono ya mwanamke huyo ikiwa kiunoni mwa mzee pale alipokuwa amesimama. Mwana mwenyewe alikuwa kazini melini, hajafika nchi kavu. Basi binti wa marehemu akaja kituoni, akasema wifi yake amemuua baba, na wifi akalala mahabusu usiku wa kwanza, akalala na wa pili.

"Kikulacho ki nguoni mwako," binti akamwambia mkuu. "Yeye ndiye aliyekuwa akimpikia, akimfulia, akimwongoza chooni. Amechoka. Kuchoka si kosa. Lakini mtu aliyechoka humwambia mumewe, hampandishi baba wa watu ghorofani akamwonyeshe mji asiouona."

Mkuu akamwambia atulie, kesho asubuhi mtuhumiwa anapelekwa mahakamani. Kisha akamwangalia Polepole kwa jicho la kumtaka akubali.

Polepole akaomba siku ile iliyobaki. Mkuu akamuuliza ya nini, na yeye akajibu kwamba swali la mama huyu ni zuri mno kuachwa bila jibu.

*

Mkwe alikuwa amekaa sakafuni, miguu peku, kwa sababu mahabusu viatu huvuliwa. Wanaoiba kwa kalamu hulala hospitalini wakisingizia shinikizo la damu, viatu vyao chini ya kitanda. Anayevuliwa ni mtu wa namna hii. Polepole akachuchumaa ili asimwongeleshe kutoka juu. Akamwita mama, ingawa yeye ndiye aliyemzidi umri, akamuuliza swali lile lile la wifi yake.

Alijibu bila kuchelewa. Mzee ndiye aliyetaka. Ujana wake wote alijenga mji huu, kuta za benki, nguzo za soko, ngazi za mahakama, na tangu macho yafe alikuwa akiuliza yamebaki yapi na yapi yamebomolewa. Yeye mkwe hakujua kueleza majengo. Jirani akamwambia ndani ya basi lile unapewa spika za masikio, kuna sauti inakusimulia kila mnapopita. Akaona hiyo ndiyo dawa.

"Alifurahi, bwana. Kila sauti ikisema kitu, yeye ananiongezea. Hapo tulichanganya saruji na maji ya chumvi, fundi mkuu akatutukana. Hapo palikuwa na kisima. Alikuwa anaona kuliko mimi."

"Na wewe ulisikia nini kwenye spika zako?"

"Sikusikia kitu. Tundu la upande wangu lilikuwa bovu. Nikamwachia yeye, nikawa nasikiliza kwa mdomo wake."

Polepole akamwomba aseme yaliyotokea nyuma ya maghala, taratibu, bila kuruka. Mkwe akasema kulikuwa na foleni na basi likasimama kabisa. Aliinama kufunga kamba ya kiatu cha mzee iliyokuwa imefunguka. Akiwa bado ameinama akasikia kiti kimelia, na mzee yuko juu. Papo hapo foleni ikasogea, basi likaondoka. Akamkamata kiunoni amvute chini.

"Alisema neno?"

Mwanamke akaikunja miguu yake peku chini ya nguo. Alikuwa amelificha neno hilo siku mbili, kwa kuwa lilimwonyesha mzee kama mtu aliyeharibikiwa akili, na hakutaka watu wamzike na aibu hiyo.

"Alisema, 'Mbona sisikii harufu ya maua?'"

Pale ni nyuma ya maghala ya ngozi mbichi. Anayepita huziba pua. Polepole alilirudia neno hilo kimoyomoyo, akaliacha lilivyo.

"Mimi siililii mahakama," mkwe akasema. "Nalilia hilo. Kama alitaka kufa akiwa pembeni yangu, nilimkosea wapi? Na mume wangu akishuka melini nitamwambia nini?"

*

Mchana ulimkuta Polepole nyumbani kwa marehemu. Chumba cha mzee kilikuwa kidogo, kitanda kimetandikwa, kamba nyembamba imefungwa toka mguu wa kitanda hadi mlangoni ili aishike akitoka. Kamba ilikuwa na mafundo yaliyopishana. Nani alifunga mafundo? Binti wa marehemu, aliyemfungulia mlango, akasema kwa uvivu kwamba ni huyo huyo wifi, kila fundo lina maana yake, moja ni kizingiti, jingine ni mtungi.

Lakini alikuwa na jambo jingine na akalitoa kwa haraka zaidi. Mwezi uliopita wifi alionekana katika nyumba ya kutunzia wazee, ile ya ng'ambo ya mto, akiulizia nafasi. Aliyemwona kwa macho yake ni mtu wa kuaminika.

Polepole akavuka mto. Ni safari ya bure, lakini upelelezi ni hivyo, nusu yake ni kwenda mahali pasipo na kitu ili uwe na haki ya kusema hapana kitu. Msimamizi wa nyumba ile alimkumbuka mwanamke vizuri. Hakuulizia nafasi ya mzee. Aliulizia wanawafundishaje vipofu kujikata kucha wenyewe, maana mzee alikuwa akiona haya kukatwa kucha na mkwe. Msimamizi alimwonyesha. Alikaa alasiri nzima akijifunza, macho ameyafunga kwa kitambaa.

Basi, mwanamke anayejifunza hivyo ana chuki gani? Polepole hakujijibu. Moyo wa mtu ni kichaka, na mahakamani hauingizwi kama kielelezo. Alichotaka ni kitu kinachoshikika.

*

Akapanda basi.

Abiria walikuwa wachache. Chini, kwenye chumba cha dereva, kulikuwa na mtu mnene mwenye kofia. Juu hapakuwa na mfanyakazi hata mmoja. Polepole akakaa kiti cha mbele upande wa kulia. Kwanza alichomeka spika kwenye tundu la kiti cha jirani, alipokaa mkwe. Kimya. Akazungusha waya, akapuliza tundu, kimya kile kile. Akachomeka kwenye tundu la mzee, na mwanamke mmoja mwenye sauti ya asali akamkaribisha mjini.

Polepole akafumba macho.

Mwanzoni alijiona mjinga. Jua lilimpiga usoni, likamwacha, likampiga tena, akajua ni nafasi kati ya jengo na jengo. Sauti ikasema soko liko kushoto, na kweli kelele za soko zikaja upande wa kushoto. Sauti ikasema sasa tunapanda kilima, na mgongo wake ukaegemea kiti. Polepole akaona jinsi kila neno lilivyotimia. Baada ya mitaa michache hakuwa tena anasikiliza sauti ile. Alikuwa anaiamini, jambo ambalo ni tofauti kabisa, na anayeona hawezi kulijua.

Basi likapunguza mwendo, likasimama. Sauti ikasema:

"Hapa tunapumzika kidogo mbele ya bustani kuu ya mji. Inuka kwenye kiti chako. Geukia kulia, vuta pumzi, na usikie harufu ya maua."

Polepole alikuwa ameshasimama kabla hajakata shauri. Akavuta pumzi, na harufu ya maua ikamjaa puani.

Akafumbua macho. Mbele yake lango la bustani, maua mekundu na meupe, upande huu wa mji unaofagiliwa kila siku kwa sababu wakubwa hupita. Maghala ya ngozi yalikuwa upande wa pili kabisa. Hapakuwa na daraja. Basi lilisimama kwa heshima, likiwangoja wote wakae.

Alibaki amesimama mpaka mwanamke wa nyuma alipomwambia kwa upole, "Baba, kaa, unatuzibia."

*

Mwisho wa njia dereva aliteremka kunywa chai ndani ya yadi ya mabasi, na Polepole akaketi naye kwenye tairi kuukuu. Hakumuuliza habari za kifo. Alimuuliza habari za mashine, na dereva yeyote ukimuuliza habari za mashine atakuambia mpaka za mjomba wake.

Sauti, dereva akasema, haijui njia. Imewekwa vipande vipande kwa mpangilio. Yeye ana kitufe kando ya usukani. Akifika mahali, anabonyeza, kipande kinachofuata kinasema. Huwezi kuchagua, huwezi kuruka. Kipande kisiposemwa, kinachofuata hakitoki. Zamani hapakuwa na mashine. Kulikuwa na binti mwongozaji aliyesimama juu na kipaza sauti, anatania wageni, anawaambia kaeni, inameni, shikeni watoto. Kampuni ikaona mdomo wake unakula mshahara. Ikamwingiza chumbani siku moja, ikamrekodi, ikamwachisha kazi. Sauti ile ya asali ni yake. Yeye mwenyewe sasa anauza mitumba.

"Na juzi?" Polepole akauliza.

Dereva akashusha kikombe. Juzi barabara ya bustani ilifungwa. Kulikuwa na msafara wa mkubwa fulani, hakuna aliyeambiwa mapema, askari akainua mkono tu na kuwaelekeza wapite nyuma ya maghala.

"Kitufe uliendelea kubonyeza?"

"Amri, afande. Meneja alishatuandikia kwenye ukuta wa ofisi, abiria asikose hadithi aliyolipia. Barabara ikifungwa, tupite tutakapopita, hadithi zote zisemwe. Mwezi jana nilizikata, abiria mmoja akalalamika, nikakatwa mshahara." Akamwangalia Polepole. "Wenye macho huwa wanacheka tu. Wanasikia mnara, wanaona choo cha umma, wanacheka. Sikujua juu kuna asiyeona."

"Aliyekuuzia tiketi hakumwona na fimbo?"

"Tiketi zinauzwa kwenye simu."

Kisha dereva akasema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba kipande cha bustani alikibonyeza akiwa kwenye foleni, nyuma ya maghala, basi limesimama. Alipomaliza kusema hivyo akavua kofia. Alikuwa anayasikia maneno yake mwenyewe kwa mara ya kwanza.

Polepole akamtafuta kwa simu mwalimu mstaafu mmoja, ndiye shahidi aliyesema ameona mikono kiunoni. Alimuuliza kama alikuwa na spika masikioni. Mwalimu akasema alizivua kwa hasira, maana yule mwanamke wa kwenye spika alikuwa anaropoka habari za bustani wakati wao wananusa ngozi mbichi. Kwa nini hakuliandika hilo kwenye maelezo yake? Mwalimu akashangaa. Aliulizwa alichokiona, hakuulizwa alichosikia.

*

Mkuu alimsikiliza Polepole mpaka mwisho, kalamu inagonga meza. Alipofika kwenye msafara, kalamu ikasimama.

Akasema kazi nzuri. Akasema inatosha. Mlalamikaji akiondoa malalamiko, mwanamke atatoka leo hii, na faili litafungwa kwa neno moja, bahati mbaya. Habari za barabara na habari za meneja hazina haja. Kampuni ile ina marafiki na ule msafara ndio usiseme. Na mlalamikaji asipoondoa, basi kesho ni mahakamani kama ilivyopangwa, hakimu ataamua.

"Bahati haina kitufe, mkuu," Polepole akasema.

Mkuu akamjibu kwamba ndiyo maana amebaki na cheo kile kile. Wahenga walisema mkubwa ni jalala, taka zote zimwagwe kwake. Labda enzi zao. Siku hizi jalala ni mtu wa chini, mkubwa ndiye mwenye kumwaga.

Mwanamke peku alikuwa bado sakafuni, na ufunguo wake ulikuwa mkononi mwa mtu mmoja tu, naye alikuwa mwenye mkoba.

*

Binti wa marehemu alikuja yadi ya mabasi kwa kuburutwa na adabu tu. Akapanda ngazi akilalamika kwamba amevaa sketi isiyofaa. Polepole hakumweleza alichogundua. Angemweleza, angebishana, na mtu akishabishana hulinda ubishi wake kama shamba. Alimwomba kitu kimoja, akae kiti alichokaa baba yake, avae spika, afumbe macho.

"Mnanifanya mtoto," akasema. Lakini alikaa, na aliposhika mkono wa kiti ambao baba yake aliushika, akavaa spika, akafumba macho.

Polepole akampungia dereva. Basi likazunguka yadi polepole, kati ya mabasi mabovu na mapipa ya oili, na dereva akabonyeza vipande kimoja kimoja kwa mpangilio wake. Binti alianza kwa kukunja uso. Halafu uso ukakunjuka. Sauti ilipotaja ngazi za mahakama midomo yake ilitikisika, maana baba yake alizijenga, na yeye alikuwa akimpelekea chakula pale akiwa msichana mdogo. Basi likasimama.

Polepole alimtazama yeye tu.

Mkoba uliteleza kutoka mapajani, ukaanguka, hakuuokota. Mkono wake ulitafuta bomba la mbele, ukalipata. Akainuka. Akageukia kulia, kwenye ukuta wa bati wenye masizi, akainua kidevu na kuvuta pumzi ndefu.

Akabaki hivyo. Kisha akafumbua macho, akaona alipo, akakaa.

Hakulia. Aliuliza kitu kimoja, kama siku ile sauti ilisema maneno hayo hayo, pale kwenye daraja. Polepole akamjibu ndiyo. Akauliza kama wifi yake aliyasikia. Polepole akachomoa waya, akauchomeka kwenye tundu la kiti cha pili, akampa spika. Alizishika masikioni muda mrefu, akisikiliza kimya kile.

"Nipeleke kituoni," akasema.

Mkuu alikuwa amekwisha kutayarisha karatasi. Alimkaribisha kiti, binti akakataa. Akamsomea kwa sauti nzuri ya pole kwamba yeye, mlalamikaji, ameridhika kuwa kifo cha baba yake kilikuwa bahati mbaya, hana lawama kwa mtu yeyote. Akamgeuzia karatasi, akampa kalamu. Mlangoni askari alikuwa amemleta mkwe, viatu mkononi, hajui kama anatoka au anapelekwa mbele.

Binti alisoma karatasi. Akaisoma tena. Akaiweka mezani bila kuandika kitu.

"Hamna barabara humu," akasema.

"Mama, barabara si—"

"Hamna aliyeifunga. Hamna aliyetoa amri kitufe kibonyezwe. Mimi nilimtaja mtu kwa jina, mkamlaza chini siku mbili, hamkuona tabu kuandika. Na haya andika."

Mkuu akamtazama Polepole, na Polepole akawa anatazama dirishani.

Binti wa marehemu akavuta kile kiti alichokikataa, akakipangusa kwa kiganja, akakigeuza kuelekea mlangoni.

"Njoo ukae, wifi," akasema. "Vaa viatu vyako. Hatuondoki hapa mpaka aandike."